Motari mwenye plasta apewe muda

Ajali za pikipiki kwenye Barabara ya Kitaifa namba 2, kati ya Butembo na Beni, zinawaacha vijana na plasta mguuni. Baada ya wiki tatu maumivu hupungua, lakini mwenye pikipiki anadai malipo yake. Wengine wanakata plasta nyumbani na kurudi barabarani. Mguu ukipinda, ni kazi ya upasuaji.

Mfupa hujengwa kama nyumba ya miti na udongo. Mwili unasuka kwanza nyuzi za protini iitwayo kolajeni, kisha madini ya kalsiamu na fosfati yanaingia ndani ya nyuzi hizo na kuzifanya ngumu. Wiki ya tatu fito zipo, udongo bado ni mbichi. Muundi wa mtu mzima huhitaji miezi mitatu au zaidi. Hata kolajeni yenye madini, ambayo wapasuaji na madaktari wa meno huitumia kujaza mapengo ya mfupa, haiondoi kungoja.

Ndagala wanaoliwa pamoja na mifupa yao wanasaidia, mapera pia. Sigara inachelewesha.

Wenye pikipiki, simamisheni deni la motari aliyevunjika hadi daktari aone picha ya radiografia na kumruhusu.