Faini ya leo, ukaazi wa kesho

Simu ikiingia usiku kwamba kijana amekamatwa Mombo na misokoto miwili ya bangi au furushi la mirungi, mzazi wa Lushoto huwaza jambo moja tu: mtoto arudi nyumbani. Asubuhi hakosekani mtu wa kushauri, na ushauri karibu siku zote ni ule ule. Akiri, alipe faini, yaishe. Pesa ya kabichi inakusanywa, faini inalipwa, na jioni kijana yuko Soni anakula ugali na wenzake.

Kisheria hayajaisha. Aliyekiri kosa na kulipa faini ametiwa hatiani sawa na aliyefungwa. Tofauti iko kwenye adhabu. Kumbukumbu ile inaweza kukaa kimya miaka kumi. Huja kuibuka siku kijana, pengine sasa ni muuguzi au fundi umeme, anapoomba hati ya tabia njema kutoka Polisi na alama zake za vidole zinalinganishwa na zilizohifadhiwa. Nchi nyingi zinazotoa ukaazi wa kudumu huitaka hati hiyo. Marekani humtaka kila mwombaji mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea aiwasilishe, hata kama anamfuata mume au mke aliyeko huko.

Marekani ndiyo kali kuliko wengi kwenye dawa za kulevya. Kosa lolote la aina hiyo, hata dogo, linatosha kumnyima mtu grinikadi. Mlango wa msamaha ni mwembamba: aliyekutwa mara moja tu na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe anaweza kuomba asamehewe, na hata hapo lazima atimize masharti mengine. Mirungi haimo kwenye msamaha huo. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu Kenya, mwendo mfupi tu kutoka hapa, mirungi ni zao halali linalouzwa sokoni mchana kweupe. Kwa Tanzania ni dawa ya kulevya, na mashamba yake jirani zetu Same yamekuwa yakifyekwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Uingereza nayo iliipiga marufuku mwaka 2014.

Uingereza huangalia zaidi urefu wa kifungo. Aliyehukumiwa jela miezi 12 au zaidi hukataliwa. Chini ya hapo afisa hupima. Kanada hulinganisha kosa na sheria zake yenyewe, na huruhusu mtu kuomba atambuliwe kuwa amejirekebisha baada ya miaka mitano tangu amalize adhabu. Kwa hiyo hatia moja haifungi dunia nzima, ila inaweza kufunga ile nchi ambako shangazi ameshaandaa chumba.

Kibaya zaidi ya hatia ni kuificha. Fomu inauliza wazi kama mwombaji amewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, na wapo wanaojibu hapana kwa kuwa "ilikuwa faini tu". Uongo ukigundulika, Kanada humfungia mtu miaka mitano, na kwa Marekani kizuizi kinaweza kuwa cha maisha. Kununua hati ya kughushi mjini ni kuongeza kosa juu ya kosa.

Kuna upande wa afya pia, ambao familia nyingi hukutana nao wakiwa tayari wamelipia vipimo. Daktari anayempima mwombaji wa grinikadi huuliza kuhusu matumizi ya bangi, mirungi na vilevi vingine. Akithibitisha tatizo la matumizi ya dawa za kulevya, kijana anaweza kukataliwa kwa sababu za kiafya bila kuwahi kufika mahakamani, na kwa kawaida hutakiwa akae miezi 12 bila kutumia kabla ya kupimwa tena. Mzazi anayemwona mwanawe hapati usingizi, anatafuna hadi alfajiri na hana hamu ya kula, ampeleke hospitali mapema. Kwa afya yake kwanza. Viza ni jambo la pili.

Turudi kituoni. Kijana asiye na miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto na hapaswi kuhukumiwa kifungo, kwa hiyo mzazi aende na cheti cha kuzaliwa. Aliyevuka umri huo ana haki ya kukana kosa na kuomba dhamana. Kama kweli alikutwa na kitu na anataka kukiri, huo ni uamuzi wake, lakini aamue akijua kwamba aliyekiri kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga hatia, anaweza kupinga adhabu tu. Kama hakuelewa alichokiri, jambo linaloweza kumtokea kijana mwenye hofu mbele ya hakimu, hoja hiyo inaweza kusikilizwa kwenye rufaa. Muda ni mfupi: kutoka Mahakama ya Mwanzo ni siku 30.

Wakili si lazima awe wa kulipia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo, na pa kuanzia kuwaulizia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Aulizwe kabla kijana hajapanda kizimbani, maana baada ya neno "ni kweli" kazi yake huwa ngumu mara nyingi zaidi.