Sehemu ya Pili Isiyoshibisha

Mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo huenda ukaliona dogo, maana linahusu filamu za katuni. Nami niliona hivyo hivyo, mpaka siku lilipomliza mtoto ndani ya nyumba yangu.

Likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa na watoto wanne nyumbani. Watatu ni wangu, na wa nne ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana umri wa miaka minane. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano, na kwa kuwa mama yake anafanya kazi mbali, kila likizo huja kwangu. Ni mtoto mpole, mwenye maneno machache. Ukimwuliza kama ameshiba atasema ndiyo hata kama hajashiba.

Mtoto huyo alikuwa na filamu moja tu aliyoipenda, ile ya mfalme simba, *The Lion King*. Wengi wetu tunaifahamu. Ilitoka mwaka 1994, na mimi mwenyewe niliiona kwa mara ya kwanza nyumbani kwa jirani aliyekuwa na deki ya video, tukiwa tumejazana sebuleni kama dagaa. Tulifurahi kusikia majina ya kwetu katika filamu ya Wamarekani: Simba, Rafiki, Pumbaa. Tuliona mfalme Mufasa akifa chini ya kwato za nyumbu kwa hila ya ndugu yake, na mwanawe Simba akikimbia akidhani kosa ni lake. Kisha tukamwona akikua, akirudi, akikaa mahali pa baba yake. Nakumbuka mama mmoja pale sebuleni alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia moshi wa jikoni.

Basi mtoto wa kaka yangu aliiangalia mara nyingi hata nikapoteza hesabu. Nyuma ya nyumba yetu kuna mawe makubwa, kama yalivyo sehemu nyingi za mji wa Singida. Watoto waliyageuza kuwa jabali la mfalme. Walipanda juu, wakamwinua mwanambuzi kwa mikono miwili kama nyani Rafiki alivyomwinua mtoto wa simba, huku wenzao chini wakiinama. Aliyemshika mwanambuzi daima alikuwa yeye. Hakumwachia mtu.

Siku moja binamu yake mkubwa akamwambia kwamba ipo sehemu ya pili. Loo! Tangu siku hiyo sikupumzika. "Shangazi, lini? Shangazi, leo?" Mtoto ambaye hakuomba hata kipande cha mkate alikuwa ananifuata mpaka kisimani. Nikaenda kwenye duka la muvi nikiwa na flashi yangu, nikaingiziwa filamu hiyo. Fedha niliyotoa haikuzidi bei ya fungu la nyanya. Jioni tukakaa wote mbele ya luninga, yeye akiwa karibu kuliko wote, magoti yamegusa kidevu.

Filamu hiyo, *Simba's Pride*, ilitoka mwaka 1998. Inaanza vizuri. Simba sasa ni mfalme, ana binti aitwaye Kiara. Mawingu yanafunguka juu ya jabali, na roho ya Mufasa inaonekana. Hapo nilimwona mtoto wetu akijongea mbele. Lakini hadithi ikageuka, ikawa ya Kiara na kijana wa simba aitwaye Kovu, na mama mwenye chuki anayetaka Simba auawe. Kilichokuwa kipya hakikuwa na uzito, na kilichokuwa na uzito tulikuwa tumeshakiona. Baada ya nusu saa mwanangu wa mwisho alikuwa amelala.

Wakubwa walibaki wakicheka Kiswahili chake. Majina mengine ni sahihi kabisa: Kovu, Nuka, Vitani. Lakini kuna wimbo ambamo Rafiki anawapeleka vijana wale wawili mahali pa mapenzi, na mahali hapo panaitwa "Upendi". Sisi tunasema upendo! Binti yangu akauliza, "Mama, mbona anawaambia hupendi?" Tukacheka sana. Hata hivyo nilijiuliza: katika kazi iliyogharimu fedha nyingi, ilikuwa shida gani kumwuliza Mswahili mmoja tu?

Mtoto wa kaka yangu hakucheka. Filamu ilipokwisha alinigeukia akauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, kwa hiyo baba yake Simba harudi?"

Nikamjibu, bila kufikiri, "Harudi, mwanangu. Si alikufa?"

Alinyanyuka akatoka nje. Nilimkuta juu ya jabali amekaa peke yake, analia kimya kimya. Ndipo nikaelewa. Mtoto yule hakuwa akisubiri katuni. Katika sehemu ya kwanza alimwona baba aliyekufa akizungumza na mwanawe kutoka mawinguni. Kwa akili yake ya miaka minane, sehemu ya pili ingekuwa ile ambayo baba anashuka.

Mama mpendwa, usiku ule sikupata usingizi. Baadaye nilitafuta kujua kwa nini hizi sehemu za pili huwa chachu namna hii, maana si hiyo tu. Nikagundua kwamba sababu haina fumbo lolote. *The Lion King* ilichorwa na wasanii wakuu wa kampuni ya Disney kwa ajili ya majumba ya sinema, na kazi hiyo ilichukua miaka. Nyimbo zake ziliandikwa na Elton John na Tim Rice. Ile ya pili ilitengenezwa na kitengo cha kampuni hiyo kilichokuwa kikishughulikia vipindi vya televisheni, ikapelekwa moja kwa moja kwenye kanda za video ili iuzwe madukani. Elton John na Tim Rice hawakuandika nyimbo zake.

Biashara hiyo ilianza mwaka ule ule wa 1994, walipotoa kwa kanda mwendelezo wa hadithi ya Aladdin. Hata Robin Williams, aliyelipa sauti lile jini la kuchekesha katika filamu ya kwanza, hakuwemo. Lakini kanda ziliuzwa kwa mamilioni. Wakaona kumbe inawezekana: gharama ndogo, jina lile lile, na akina mama watanunua. Zikafuata nyingine, za Cinderella mwaka 2002, za Bambi mwaka 2006, na kadhalika. Hadithi zilizokuwa zimekwisha vizuri zikafukuliwa tena. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2006 Disney ilinunua kampuni ya Pixar, na viongozi wapya wa katuni waliotoka huko wakaisimamisha biashara hiyo. Ya mwisho katika mfululizo huo ilitoka mwaka 2008.

Nisiwe mwonevu. Zipo sehemu za pili zilizo njema. *Toy Story 2* ya mwaka 1999 nayo ilianza kama kazi ya kanda tu. Watengenezaji wake walipoiangalia hawakuridhika, wakakubali kuianza upya ingawa muda uliobaki ulikuwa mfupi, nayo ikapendwa sana. Yeyote aliyewahi kumwaga ugali ulioungua akasonga mwingine huku wageni wako sebuleni anaelewa ninachosema.

Na hamu ya watu haijaisha. Mwaka 2019 ile ya kwanza ilitengenezwa upya kwa wanyama wanaofanana na wa kweli, na mwaka 2024 ikaja nyingine ya kueleza utoto wa Mufasa. Humo tunaambiwa kwamba yeye na yule aliyemwua hawakuzaliwa tumbo moja. Mufasa alikuwa mtoto aliyepotezwa na mafuriko akaokotwa na ukoo mwingine. Sisi tuliolia mwaka 1994 kwa sababu ndugu alimwua ndugu, sasa tulielewe vipi chozi lile?

Hayo ni ya watengenezaji filamu. Turudi kwenye yetu, maana kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lao.

Siku mbili baada ya jioni ile, mama yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka kijijini, upande wa Ikungi. Nilimweleza yote nikitegemea atanipa pole. Akanitazama, akasema, "Tangu kaka yako afariki, wewe umemwambia nini huyu mtoto juu ya baba yake?"

Sikuwa na jibu. Kweli, miaka mitatu hatukulitaja jina la kaka yangu mbele ya mtoto. Tuliogopa kumchokoza kidonda. Picha tuliziweka sandukuni. Tulidhani tunamhurumia, kumbe tulimwachia filamu izungumze naye peke yake.

Jioni mama alimwita, "Mume wangu, njoo ukae hapa, tuchambue mboga." Kisha akaanza, bila utangulizi, kusimulia jinsi baba yake alivyokuwa mchunga mbuzi akiwa na umri kama wake. Jioni moja mwanambuzi mmoja alipotea. Mvulana alikataa kurudi nyumbani. Akatafuta kwenye mawe mpaka giza, akamkuta amenasa kwenye ufa, akamvuta taratibu, akambeba mabegani. Alifika usiku, kandambili moja imepotea, akitetemeka kwa hofu ya fimbo. Babu hakusema neno. Alimsogezea sahani yake mwenyewe ya ugali wa uwele na mlenda, akakaa kumwangalia anavyokula.

Mtoto alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Yule mwanambuzi alipona?"

"Alipona. Alizaa mapacha."

"Halafu?"

Mama akacheka. "Halafu kesho."

Basi kesho ikafika, na keshokutwa. Bibi yule alikuwa na sehemu ya pili, ya tatu, hata ya kumi. Alisimulia jinsi baba alivyoanguka kwenye Ziwa Singidani na daftari zake zote, na jinsi alivyopanda alizeti kwa mara ya kwanza, kunguru wakala mbegu zote, akapanda tena. Sidai kwamba kilio cha mtoto kilikwisha. Alilia tena siku mama alipoondoka. Lakini aliomba picha moja kutoka sandukuni, na siku ya kurudi shule aliiweka katikati ya daftari lake, mahali ambapo haitakunjika.

Kutokana na hayo nimejifunza mambo machache, nami nakushirikisha.

Kwanza, kabla ya kumletea mtoto mwendelezo wa filamu aipendayo, mwulize anatazamia nini. Swali ni fupi: "Unadhani itakuwaje?" Jibu lake litakueleza habari za moyo wake ambazo hangekuambia kwa njia nyingine. Laiti ningeuliza!

Pili, iangalie wewe kwanza, au walau kaa naye mpaka mwisho. Jina maarufu kwenye jalada si ushahidi wa ubora. Ukiweza, uliza kama ilitengenezwa kwa ajili ya sinema au kwa ajili ya kanda tu. Kwa zile za miaka ile, mara nyingi hilo pekee lilitosha kukuonya.

Tatu, mtoto akichukizwa na filamu usimcheke wala usiseme "ni katuni tu." Kwetu ni katuni. Kwake yeye huenda ndipo alipoweka tumaini lake.

Nne, hadithi ikiisha vizuri, iache iishe. Mtoto akitaka zaidi, zima luninga umwambie, "Sasa tuendeleze wenyewe." Utashangaa atakavyotunga. Na kama nyumbani kuna babu au bibi, mpe nafasi. Wazee wetu wanajua mengi tuliyoyaacha yalale kwa sababu luninga haizimwi.

Tano, na hili nalisema kwa uchungu: usimfiche mtoto habari za mzazi aliyetangulia. Mtaje jina. Sema alivyocheka, alivyokosea, alichopenda kula. Mtoto asiposimuliwa atajitungia mwenyewe, au atangoja mawingu yafunguke.

Juzi mtoto wetu alinipigia kwa simu ya mama yake. Baada ya salamu akasema amesikia kuwa ipo na sehemu ya tatu, ile ya Timon na Pumbaa. Nikashika moyo. Nikamwuliza, kama ninavyokufundisha wewe, "Unadhani itakuwaje?"

Akafikiri kidogo. "Sijui, Shangazi. Labda ya kuchekesha tu. Lakini bibi atakuja tena Desemba?"

Nimemwahidi kwamba atakuja. Nami nimeshamwandikia mama aanze kukumbuka.

Tukijaliwa, tuonane mwezi ujao.