Delta ya Rufiji nayo iandikiwe daftari

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofariki dunia Oktoba 1, 2025, akiwa na umri wa miaka 91, rambirambi zilitoka kila pembe ya dunia. Nyingi zilimkumbuka msichana wa Kiingereza aliyeshuka Gombe, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, Julai 14, 1960, akiwa na mama yake, darubini na daftari, bila shahada yoyote ya chuo kikuu. Sifa hizo alizistahili. Lakini Watanzania wana sehemu yao katika habari hiyo, haisimuliwi vya kutosha, na ndiyo inayoweza kuwafaa watu wa Kibiti na delta ya Rufiji leo.

Kwanza, kile alichokiona. Novemba 4, 1960, sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard alikuwa ameketi kando ya kichuguu. Alichukua bua la nyasi, akalipenyeza taratibu kwenye tundu, akasubiri kidogo, kisha akalitoa likiwa limegandwa na mchwa, akawala mmoja mmoja. Baadaye sokwe walionekana wakichuma kijiti na kukipurura majani kabla ya kukitumia. Hadi wakati huo wataalamu wengi walishikilia kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Louis Leakey, mtafiti wa asili ya binadamu aliyekuwa amemtuma binti huyo kutoka Nairobi, alipopata habari alitambua mara moja kwamba maana ya zana na maana ya binadamu vyote vitabidi vifikiriwe upya.

Ugunduzi huo haukuletwa na mtambo wa gharama. Miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimkimbia kila walipomwona. Alirudi kilimani kila siku, akakaa mahali pa wazi, hadi wakamzoea. Akawapa majina badala ya namba, na miaka ikapita. Ndiyo maana mwaka 1972, mama mzee Flo alipokufa, watafiti waliweza kueleza kwa nini mwanawe Flint, mwenye miaka minane, aliacha kula, akadhoofika na kufa baada ya wiki chache. Mgeni wa mwezi mmoja angemwona sokwe mgonjwa tu. Aliyemfuata Flint tangu kuzaliwa alimwona mtoto aliyefiwa na mama.

Na hao waliofuata walikuwa kina nani? Wengi walikuwa vijana wa vijiji vya Kigoma. Januari 1974, Hilali Matama alishuhudia madume wa kundi la Kasakela wakimvamia Godi, dume wa kundi jirani la Kahama, na kumpiga vibaya mno. Huo ulikuwa mwanzo wa uhasama wa miaka minne ulioisha kwa kundi la Kahama kutoweka kabisa. Mei 1975, watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa usiku na kuwateka watafiti vijana wanne wa kigeni. Waliachiwa baadaye, lakini wageni wakaondolewa Gombe. Utafiti ungeweza kufia hapo. Haukufa, kwa sababu Watanzania walibaki wakiamka alfajiri, wakifuata sokwe mabondeni na kuandika madaftari kwa Kiswahili. Maandishi hayo yamesomwa na wanasayansi wa vyuo vikuu vikubwa kwa zaidi ya nusu karne.

Kutoka Gombe hadi Nyamisati, katika delta ya Rufiji, ni kuvuka nchi nzima, na kwenye mikoko ya delta hakuna sokwe. Kuna kima, ngedere na nyani. Kuna viboko na mamba. Kuna hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina yake katika Afrika Mashariki, ulio ndani ya eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lililoingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kinachokosekana ni daftari linaloandikwa kila siku, mwaka hadi mwaka, na watu wanaoishi humo.

Kwamba wanyama wa pwani wana mambo ya kutufunza, Unguja imeshaonyesha. Kima punju wa kando ya Jozani wamezoea kula mkaa, na watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1997 walieleza sababu: majani ya miembe na mikungu wanayoyala yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinasa. Kima punju wanaoishi kwenye mikoko nao wameonekana wakinywa maji mara nyingi, jambo la nadra kwa jamii ya mbega, ambao kwa kawaida hupata maji yao kwenye majani. Je, kima wa Rufiji hufanya nini wakati wa kiangazi, maji ya chumvi yanapopanda hadi ndani ya mito? Swali kama hilo halijibiwi na mgeni anayekuja na boti asubuhi na kuondoka kabla ya maji kupwa.

Anayeweza kulijibu yuko tayari kwenye dungu. Msimu wa mpunga, familia nyingi za Rufiji huhamia shambani na kuishi katika kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakiamia ndege mchana na kulinda dhidi ya nguruwe na viboko usiku. Mama aliyekaa juu ya dungu tangu mpunga ukiwa mchanga hadi unapoiva anajua ngedere hutokea upande gani, saa ngapi, nani hutangulia na nani hubaki mtini kuchungulia. Hiyo ni elimu ya kutazama, ileile iliyoijenga Gombe. Tofauti ni kwamba haiandikwi, kwa hiyo mavuno yakiisha hutawanyika pamoja na wenyewe.

Tanzania imewahi kuona faida ya kuwasikiliza wenyeji. Kipunji, kima aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2005, alianza kufuatiliwa na watafiti kule Mlima Rungwe baada ya wawindaji wa huko kumtaja katika mazungumzo. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote.

Wapo watakaosema delta ina shida kubwa kuliko kima: mafuriko, maji safi, usafiri, bei ya kamba. Ni kweli, na mkulima aliyepoteza robo ya shamba kwa ngedere ana haki ya kukasirika akiambiwa awachunguze. Lakini ni mkulima huyohuyo anayehitaji kujua uvamizi unaongezeka lini, na kama msitu unapofyekwa kwa ajili ya mpunga wanyama huhamia mashamba gani. Tangu mafuriko ya mwaka 1978 yalipoelekeza maji mengi ya mto upande wa kaskazini wa delta, mashamba nayo yamefuata maji matamu, na mikoko imekatwa. Ugomvi wa mkulima na ofisa misitu umekuwa ukiendeshwa kwa makadirio na hasira. Kumbukumbu za miaka kumi zingewapa wote wawili kitu cha kuwekeana mezani.

Tena Rufiji si ngeni kwa kazi hii. Kuanzia mwaka 1998 uliendeshwa huko mfumo wa kufuatilia vizazi, vifo na uhamaji, wahojaji wakipita kaya kwa kaya mara tatu kwa mwaka. Takwimu hizo zilisaidia kuelekeza fedha za afya kwenye magonjwa yaliyokuwa yakiua zaidi, na vifo vya watoto vikapungua. Waliofanya hivyo kwa watu wanaweza kufanya hivyo kwa msitu.

Gombe inatoa pia tahadhari. Goodall aliwalisha sokwe ndizi ili awaone kwa karibu, na ndizi hizo zikaongeza ugomvi kati yao hadi utaratibu ukabadilishwa. Mwaka 1966 polio, ugonjwa wa binadamu, iliwalemaza na kuwaua baadhi yao. Kwa hiyo wanyama wa delta wasilishwe, na watazamaji wakae mbali.

Mengine yanawezekana kwa gharama ya kawaida. Kila mradi wa mikoko unaoingia delta utenge fungu la kuwalipa vijana na akina mama wa Salale, Kiongoroni na kata nyingine za delta watakaotazama na kuandika, mshahara wa kila mwezi, siyo posho ya semina. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiwafundishe, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) ihakiki kazi yao. Madaftari yaandikwe kwa Kiswahili, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, na majina ya walioandika yatokee katika kila chapisho litakalotokana nayo. Madiwani wa kata za delta wanaweza kulifikisha hili kwenye baraza la Halmashauri ya Kibiti katika bajeti ijayo, na kuwataka wafadhili wanaohesabu miche waliyopanda wahesabu pia watu waliowaajiri kuitazama ikikua.