Jiwe la Kujikwaa

Mwezi uliopita nilipokea barua ambayo hadi leo imo mfukoni mwa koti langu. Imetoka Berlin, Ujerumani, kwa binti wa marehemu mdogo wangu, aliyeko huko kwa masomo ya uhandisi. Siku tuliyomsindikiza uwanja wa ndege tulimwusia mengi: ajihadhari na baridi, asiisahau sala, asome kwa bidii. Hapana aliyemwambia kwamba nchi aiendeayo ina makaburi, na kwamba makaburi nayo husomesha.

Anaeleza kwamba yeye na wanafunzi wenzake wageni walipelekwa kwa garimoshi hadi mji wa Oranienburg, kaskazini ya Berlin, kuitazama iliyokuwa kambi ya Sachsenhausen. Kambi hiyo ilianzishwa na utawala wa Hitler mwaka 1936. Hadi mwaka 1945 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamefungwa humo: wapinzani wa siasa, Wayahudi, Wasinti na Waroma, mateka wa vita, na raia wa nchi nyingi zilizotekwa. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi, kazi za shokoa na mauaji. Katika mwaka 1941 peke yake mateka wa Kisovieti zaidi ya 10,000 walipigwa risasi mahali hapo.

Katika lango la chuma mna maneno matatu ya Kijerumani ambayo maana yake ni kwamba kazi humfanya mtu awe huru. “Baba mkubwa,” anaandika, “nilisimama pale miguu ikakataa. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitusimulia juu ya Uhuru na Kazi, jinsi ninyi mlivyochimba mitaro na kujenga madarasa mkiimba. Maneno ni yale yale mawili. Lakini hapa waliyaandika walinzi wa gereza, kwa watu waliokusudiwa wafe kwa hiyo kazi.”

Kupita lango hilo walioneshwa njia iliyotandazwa kokoto, mchanga, saruji na mawe, kila kipande namna yake. Wafungwa walilazimishwa kuizunguka kutwa nzima, hata kilomita 40 kwa siku, ili viatu vya jeshi na vya viwandani vijaribiwe uimara wake. Soli ya kiatu ilipimwa kwa uangalifu. Mtu aliyekivaa hakuwa na thamani.

Hapo, ndugu msomaji, mwenye kuwaongoza akamwuliza binti yetu ametoka nchi gani. Aliposikia Tanzania, akamwambia kwamba mmoja wa waliofia kambini humo alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Dar es Salaam. Binti yetu alizaliwa na kusomeshwa katika jiji hilo hilo, na jina la mtu huyo hakuwahi kulisikia. Kwa hakika hata mimi, kwa mvi zangu zote, nililijua ukubwani.

Jina lake ni Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe alilifuata jeshi hilo angali mtoto katika Vita vya kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Walimkatalia. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia wageni mezani, akafundisha Kiswahili chuoni, akacheza sehemu ndogo ndogo katika filamu, akaoa na kupata watoto. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo watawala wale waliliita kuichafua damu yao. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Alitiwa Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Jumapili iliyofuata binti yetu alikwenda mtaa wa Brunnenstraße, nyumba nambari 193. Mbele ya nyumba hiyo, katikati ya mawe ya njia ya miguu, tangu mwaka 2007 pana kibamba kidogo cha shaba, upana wake sentimita 10, chenye jina la Husen. Vibamba vya namna hiyo vilibuniwa na msanii Gunter Demnig, na sasa vimepita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya, kila kimoja mahali alipoishi mtu aliyedhulumiwa na watawala wale. Wajerumani huviita mawe ya kujikwaa. Herufi zake ni ndogo, na anayetaka kuzisoma hana budi kuinama.

“Niliinama,” anaandika, “watu wakanipita. Nilipoinuka lilinijia swali, nami naomba usiniudhikie. Baba yake mtu huyu alikuwa askari wa Wajerumani, kama babu yenu ambaye mkanda wake umo sandukuni. Je, babu huyo alifanya nini?”

Ndugu msomaji, mkanda huo nimeujua tangu utoto. Tulipouliza tuliambiwa, “Alikuwa vitani,” kisha tukatumwa maji. Mara moja tu, siku za mwisho wa uhai wake, baba yangu alinifunulia kwa sauti ya chini. Babu alikuwa mtu wa Tabora, aliyeingia jeshini kwa sababu ya mshahara. Vilipozuka Vita vya Maji Maji mwaka 1905 alipelekwa kusini. Huko yeye na wenzake walichoma maghala ya chakula na mashamba kwa amri ya wakubwa wao. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Nilisikiliza habari hiyo redioni, nikasema kwa sauti, “Wamechelewa, lakini afadhali.” Wala sikufikiri kwamba mkono mmoja ulioshika kile kijinga cha moto ulikuwa wa ukoo wangu, na kwamba nami nilikuwa nimenyamaza.

Je, ningemwandikia nini mtoto? Ningeweza kusema kwamba babu alikuwa mtu mdogo, kwamba aliamriwa, kwamba dhambi ni ya wakoloni. Yote hayo yana ukweli. Lakini katika barua ile ile binti yetu ameniarifu kwamba kule Sachsenhausen huoneshwa pia yaliyotokea baada ya ukombozi wa 1945: kwamba Wasovieti nao waliifanya kambi hiyo gereza hadi mwaka 1950, na watu wapatao 12,000 wakafa humo. Historia ya kweli haiwi ya kumsuta jirani peke yake.

Basi nimemwandikia yote, sikuficha hata ghala moja. Barua niliipeleka posta Ijumaa. Nakiri kwamba mkono ulitetemeka, maana kumwonesha mtoto aibu ya nyumba ni kazi nzito. Lakini maadamu asiposikia kwetu atasikia kwa wageni, ni heri ausikie ukweli huo kwa mtu ampendaye.

Nawe msomaji, pengine kwenu pia lipo sanduku, au mzee ambaye kila akiulizwa juu ya vita hutuma maji. Leo Jumapili watoto wapo nyumbani. Muulizeni mzee huyo kwa adabu, mkae, msikilize hadi mwisho. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ila asiyelitaka hilo jiwe liwepo njiani, atajuaje kwamba amepita juu ya mtu?

Tuonane Jumapili ijayo.