Hisabati ya njia panda si anasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya usemi uliozoeleka miongoni mwetu, kwamba hisabati ya juu inayosomwa vyuo vikuu ni anasa, na kijana anayeisoma anapoteza bure fedha za umma. Mimi siafiki, na nitatoa mfano mmoja.

Kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa miji na wilaya zetu. Msomaji huona kwamba mji ulio mbali na bandari hulipa zaidi, kwa sababu gharama ya kusafirisha imo ndani ya bei. Mwanahisabati huona jambo jingine pia: kila mahali pamepewa namba yake. Mpango wa namna hiyo huitwa fankisheni.

Sekondari tulifundishwa kwamba kujua jinsi fankisheni inavyopanda au kushuka, chora mstari wa tanjenti. Lakini njia hiyo hutaka mahali palipo laini, na mafuta hayasafiri juu ya karatasi ya grafu. Yanapita barabarani. Simama Chalinze: njia moja yaenda Dar es Salaam, ya pili Morogoro, ya tatu Segera. Je, tanjenti ya hapo utaielekeza wapi?

Swali hilo limeshughulikiwa na wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1906 Mfaransa Maurice Fréchet alionyesha kwamba umbali hauhitaji rula wala ramani bapa. Unahitaji masharti machache tu: umbali kati ya mahali pawili tofauti uzidi sifuri, kwenda kuwe sawa na kurudi, na kupitia mahali pa tatu kusifupishe safari. Barabara zetu, ukiacha zile za upande mmoja, zinatimiza masharti hayo.

Mwaka 1998 Wafini wawili, Juha Heinonen na Pekka Koskela, walitoa chombo cha kushika nafasi ya tanjenti. Kwa mfano wetu, andika gharama ya kusafirisha lita moja kwa kilomita moja katika kila kipande cha barabara: ndogo penye lami, kubwa penye mashimo. Kisha jumlisha njia nzima. Ikiwa tofauti ya bei kati ya miji miwili haizidi jumla hiyo, njia yoyote utakayopita, basi bei imewekewa mipaka, na njia panda haikusumbui tena. Mwaka 1999 Mmarekani Jeff Cheeger alithibitisha kwamba sehemu kubwa ya kalkulasi yaweza kujengwa upya mahali pasipo laini, mradi masharti fulani yatimizwe.

Wenye kusema anasa wamkumbuke pia Leonid Kantorovich wa Urusi. Mwaka 1942 alichapisha kazi juu ya kuhamisha mizigo kwa gharama ndogo kabisa, na mwaka 1975 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans. Leo hesabu yake ya mizigo hutumiwa na wanahisabati kupima mpindo wa mahali pasipo laini. Mizigo na nadharia vimesaidiana.

Ndugu Mhariri, mkulima ana faida gani katika haya? Mchuuzi anapofika kijijini hununua mahindi kwa bei ya chini na kusema, "Barabara mbaya." Huenda ni kweli. Lakini ubaya wa barabara una hesabu yake. Jumlisha gharama za njia nzima hadi sokoni, ongeza ushuru na faida ya halali. Tofauti ya bei ikizidi hapo, sababu si barabara tena. Ni mkulima kukosa habari za soko, au ni kunyonywa. Vilevile daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 hakuna kijiji kilichohama, lakini umbali kwa kipimo cha saa ulipungua. Wananchi wana haki ya kuuliza kama bei nazo zimepungua.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania iwaingizie wanafunzi wa sekondari somo la umbali wa njia na wa gharama, badala ya kuwaachia ule wa rula peke yake. Na vyuo vikuu visiifunge milango ya hisabati ya nadharia eti kwa kuwa wanaoisoma ni wachache. Kijiji kizima chaweza kunufaika na mtu mmoja anayejua kuhesabu barabara mbaya.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro.