Acheni kuisingizia intaneti

Hivi ni nani aliyewaambia watu kwamba maduka ya Marekani yameuawa na intaneti? Kila nikisoma habari ya kituo cha maduka kilichobaki gofu kule, mtuhumiwa ni yule yule: Amazon. Kesi imekwisha, twende nyumbani. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni mji mmoja tu, Rochester, katika jimbo la New York.

Huu si mji mkubwa. Ni ule uliozaa Kodak. Mwaka 1962 ulifungua Midtown Plaza, kituo cha maduka chenye paa katikati kabisa ya mji, jambo ambalo Marekani ilikuwa haijaliona. Mchoraji wake alikuwa Victor Gruen, Myahudi aliyeikimbia Vienna mwaka 1938 na ambaye tayari alikuwa amejenga Southdale kule Minnesota (1956). Ndani kulikuwa na saa kubwa yenye vikaragosi vya mataifa 12, na Krismasi ikifika watoto walipandishwa katreni kadogo kalikopita juu ya vichwa vya wanunuzi. Wenye mradi walikuwa wenyeji, maduka mawili ya pale pale mjini, McCurdy's na Forman's. Wapangaji miji wakaja kushangaa.

Sasa twende kwenye tarehe, maana tarehe hazina ushabiki. Sibley's, duka kubwa kuliko yote katikati ya mji, lilifungwa mwaka 1990. Amazon ilianza kuuza mwaka 1995, na ilikuwa inauza vitabu. Vitabu, jamani! Forman's na McCurdy's nayo yaliondoka wakati Bezos bado hajauza hata soksi moja. Huyo muuaji alifikaje kwenye tukio kabla hajazaliwa?

Kuna watakaoniambia ni Kodak. Hapo nitawasikiliza kidogo, kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 60,000 pale Rochester mwaka 1982 na leo imebaki kivuli. Lakini hesabu bado haikubali. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu kama 332,000. Mwaka 2020 walikuwa 211,000. Kaunti nzima ya Monroe, yaani mji pamoja na vitongoji vyake, ilitoka kama 487,000 ikafika 759,000 katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo wanunuzi hawakwenda popote mbali. Walihamia vitongojini, na maduka yakawafuata: Eastview mwaka 1971, Marketplace mwaka 1982, Irondequoit mwaka 1990.

Nani aliwahamisha? Barabara, na barabara hujengwa kwa kodi. Kufikia 1965 serikali ilikuwa imemaliza kuuzungushia mji barabara kuu iitwayo Inner Loop, sehemu yake ikiwa imechimbwa chini kama handaki, na mitaa ya watu ikavunjwa kuipisha. Mwenye gari akapata njia ya kutoka haraka. Asiye na gari akabaki ndani ya handaki na maduka yanayofungwa moja baada ya jingine. Huyo ndiye ninayemtetea hapa, mama anayebeba mifuko kwenye basi. Mwaka 2014 wakaanza kuifukia sehemu ya mashariki ya barabara hiyo, kwa kodi tena! Umelipa kuchimba, umelipa kufukia.

Midtown yenyewe ilifungwa mwaka 2008. Watu waliahidiwa kwamba kampuni ya simu ya PAETEC itajenga makao makuu marefu pale. Jengo likabomolewa kwa fedha za umma, na mwaka 2011 PAETEC ikanunuliwa na kampuni nyingine. Makao makuu yale marefu hayakujengwa. Na msidhani washindi walishinda. Irondequoit ilidhoofika mapema, na sehemu yake sasa ni nyumba za wazee na ukumbi wa jamii. Kule Marketplace, lilipokuwa duka la Sears, leo madaktari wa mifupa wanatibu magoti. (Afadhali magoti, lakini bado.) Vituo vilijengwa vingi kuliko pochi zilizokuwepo, kila kitongoji kikitaka chake, kila kimoja kikila mteja wa mwenzake. Gruen mwenyewe, kabla hajafa mwaka 1980, alishawakana watoto wake hawa: alitaka vituo vyenye nyumba, shule na watu wanaotembea kwa miguu, wakamjengea maduka katikati ya bahari ya maegesho.

Kuna kitu kimoja Rochester ambacho hakikufa, na hakisemwi sana. Ni soko la mji, pale Union Street, tangu mwaka 1905. Halina kiyoyozi wala ngazi za umeme. Mwenye soko ni mji wenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuhamia kitongojini kufuata punguzo la kodi. Limepita Sibley's, limepita Midtown, na Amazon imelikuta pale pale, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, watu wakichagua nyanya kwa mikono yao.