Waingereza wenye asili ya Ufipa na haki ya makazi Tanzania

Waingereza wenye asili ya Ufipa ni watu waliozaliwa katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, au watoto wao, ambao baadaye walipata uraia wa Uingereza. Kwa sheria ya Tanzania ni wageni, hata kama wana nyumba mjini Sumbawanga au shamba la ukoo katika wilaya ya Kalambo. Hali yao imebadilika tangu mwaka 2024, kwa kuwa nchi zote mbili zimerekebisha kanuni za safari na ukaazi, na Tanzania imerekebisha pia sheria ya ardhi.

Eneo na mpaka

Sumbawanga, makao makuu ya mkoa wa Rukwa, iko kwenye kimo cha takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na wakazi 1,540,519. Wengi ni wakulima wa mahindi, maharage, ngano, ulezi na alizeti. Upande wa kusini, wilaya ya Kalambo inapakana na Zambia, na barabara ya kwenda Mbala inapita kituo cha mpakani cha Kasesya.

Wamambwe na Walungu wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, kwa sababu mstari uliokubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1890 ulipita katikati yao. Mstari huo una uzito hadi leo. Zambia iliruhusu uraia pacha kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2016, lakini Tanzania bado hairuhusu kwa mtu mzima. Kwa hiyo Mmambwe wa Mbala akipata pasipoti ya Uingereza anabaki Mzambia, na ndugu yake wa upande wa Kalambo akifanya hivyohivyo anapoteza Utanzania wake.

Kupoteza uraia

Kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, wenyeji wa Tanganyika hawakuhesabiwa kuwa raia wa Uingereza. Walikuwa watu walio chini ya ulinzi wake tu, na siku ya uhuru wakawa raia wa Tanganyika. Ndiyo maana wazee wa Ufipa waliozaliwa wakati wa Waingereza hawana cha kudai London kwa sababu hiyo. Waliopata uraia wa huko waliupata baadaye, kwa kuomba baada ya kuishi Uingereza au kwa kuzaliwa huko.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 (Sura ya 357) inasema kwamba Mtanzania mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine anaacha kuwa raia. Hakuna kikao wala barua inayohitajika. Uraia unakoma kwa sheria yenyewe. Mtoto anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili mpaka afikie umri wa miaka 18.

Anayesita kuomba uraia wa Uingereza hukutana na kikwazo kingine. Mtanzania mwenye ruhusa ya kudumu ya kuishi Uingereza huipoteza akikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miaka 2 mfululizo. Mtu anayetaka kurudi Sumbawanga kwa miaka kadhaa, pengine kumuuguza mzazi au kusimamia ujenzi, na bado aweze kurudi kwa watoto wake Leicester au Reading, anahitaji pasipoti ya Uingereza. Pasipoti hiyohiyo inamfanya mgeni katika nyumba anayoijenga. Mtego huu ndio kiini cha suala zima, na kanuni za viza peke yake haziutegui.

Ardhi

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 (Sura ya 113) kinazuia asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Nyumba ya kuishi ya familia kwenye kata ya Izia au Chanji si uwekezaji wa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, jina la kwenye hati mara nyingi huwa la ndugu aliyebaki nyumbani. Fedha zinatoka Uingereza, na kaka au dada anakuwa mmiliki mbele ya sheria. Mambo hukaa sawa hadi ndugu huyo anapofariki au kugombana na mwenzake. Hapo warithi wake wana haki ya kudai nyumba, na aliyeigharamia hana jina lake popote.

Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Sura ya 114, nayo pia ni ya mwaka 1999. Husimamiwa na halmashauri ya kijiji, ambayo hutoa hati ya hakimiliki ya kimila kwa wanakijiji ambao ni raia. Sehemu kubwa ya mashamba ya Ufipa iko katika kundi hili. Kijijini watu wanajua shamba ni la nani tangu kwa babu, na hakuna anayeuliza pasipoti. Swali hilo huja siku shamba linapopimwa au linapoombewa mkopo.

Hadhi maalum

Wazo la kuwapa watu wenye asili ya Tanzania hadhi maalum badala ya uraia pacha lilikuwemo katika Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014, ambayo haikufikishwa kwenye kura ya maoni. Mapema mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji (Sura ya 54) na Sheria ya Ardhi ili kuanzisha hadhi hiyo. Mwenye nayo anaruhusiwa kuishi nchini na kumiliki ardhi kwa masharti yaliyowekwa, lakini haimrudishii uraia: hapigi kura wala hagombei uongozi.

Kwa mwenye kiwanja mjini Sumbawanga, hii ni nafuu kubwa kuliko yoyote iliyotolewa tangu 1995. Kwa mwenye shamba la ukoo ni vigumu kusema hivyo, kwa kuwa marekebisho yaliilenga Sura ya 113, na mashamba mengi yako chini ya Sura ya 114.

Safari na ukaazi

Asiye na hadhi hiyo huingia kama Mwingereza mwingine yeyote. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 za Marekani, kwa muda usiozidi siku 90. Anayetaka kukaa zaidi anahitaji kibali cha ukaazi: daraja A kwa wawekezaji, B kwa walioajiriwa, na C kwa makundi mengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari.

Zambia iliwaondolea Waingereza viza ya utalii mwaka 2022. Hivyo mzaliwa wa Matai mwenye pasipoti ya Uingereza anaweza kuvuka Kasesya kwenda Mbala bila malipo ya viza, lakini akirudi kwao huku viza yake ya Tanzania ikiwa ya kuingia mara moja, anatakiwa kulipia nyingine.

Waingereza wenye nyumba Ulaya wanalalamikia jambo linalofanana. Tangu tarehe 1 Januari 2021 hawaruhusiwi kukaa katika nchi za Schengen zaidi ya siku 90 katika kila siku 180 bila kibali. Bunge la Ufaransa lilijaribu kuwapa wenye nyumba za pili viza ya moja kwa moja, lakini Baraza la Katiba likakifuta kipengele hicho Januari 2024. Huko, hata hivyo, mtu anabanwa kwa siku tu. Nyumba inabaki yake kwa jina lake.

Biashara na pensheni

Kuwa na paa hakutoshi kuishi. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Hii ya mwisho inagusa Rukwa moja kwa moja. Kununua mahindi wakati wa mavuno na kuyahifadhi hadi bei ipande ni njia ya kawaida ya kuzungusha mtaji mdogo mkoani humo.

Mstaafu ana hesabu nyingine. Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hata kwa anayeishi Tanzania, lakini haiongezwi kila mwaka kama inavyoongezwa kwa aliyebaki Uingereza, kwa kuwa Tanzania haimo kati ya nchi ambako nyongeza hiyo hutolewa. Anayerudi Sumbawanga akiwa na miaka 67 atapokea kiasi kilekile cha pauni akifikisha 85.